Mzuka, ugonjwa na mama asiyeaminiwa: jibu kwa msomaji anayeandika riwaya ya kutisha

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu riwaya ya kutisha anayoiandika, riwaya yake ya kwanza, inayomhusu mwanamke aliyejifungua karibuni na kuhamia pamoja na mumewe katika nyumba ya zamani, ambamo anaanza kusikia mtoto mwingine akilia katika chumba kitupu. Rasimu imefika katikati, na hapo amekwama. Kila aliyeisoma anamuuliza kama mzuka huo upo kweli au kama mama huyo amerukwa na akili kwa sababu ya uzazi. "Nikisema mzuka upo," anaandika, "naona hadithi inakuwa kama nyingine zote. Nikisema ni ugonjwa, najiona nimemsaliti mhusika wangu, kwa sababu mimi mwenyewe ni mama na nazijua usiku za namna ile. Nifanye nini? Na je, ni lazima mtoto afe mwishoni ndipo msomaji aogope kweli?"

Dada yangu, nashukuru umeuliza kabla hujaimaliza rasimu, kwa sababu mahali ulipokwama ndipo riwaya nyingi za aina hii zinapoharibikia. Kazi yangu ni kuhariri riwaya, na miswada ya nyumba zenye mizuka iliyopita mezani kwangu ni mingi. Jibu langu kwa ufupi ni hili: mwache mama akosee jina la hatari, lakini asikosee kwamba hatari ipo. Ukilishika hilo, swali la mzuka au ugonjwa litaendelea kumchokonoa msomaji, ila halitakuwa tena mhimili wa kitabu chako, na wewe hutalazimika kuchagua kati ya hadithi ya kawaida na usaliti.

Nieleze kwa kisa cha kweli. Mwaka 1921, daktari wa macho wa Marekani aitwaye William Wilmer alichapisha katika jarida la kitabibu maelezo ya familia moja iliyokuwa imehamia katika nyumba kubwa ya zamani. Baada ya muda mfupi wakubwa wakaanza kuumwa vichwa na kuchoka bila sababu, na watoto wakapauka, wakalegea na kupoteza hamu ya kula. Mama wa nyumba hiyo alisikia nyayo mahali ambapo hapakuwa na mtu, akaona watu ambao hawakuwamo ndani. Hatimaye iligunduliwa kwamba tanuru la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, na moshi wake, ambao ndani yake mna gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, ulikuwa ukivuja vyumbani badala ya kutoka kwa dohani. Familia nzima ilikuwa ikinyweshwa sumu kidogo kidogo, usiku baada ya usiku, huku madirisha yamefungwa.

Mama yule alidhani nyumba ina mizuka, na katika hilo alikosea. Lakini nyumba ilikuwa kweli ikiwaumiza wanawe, na katika hilo alikuwa sahihi kuliko yeyote ambaye angemwambia atulie na kulala. Jaribu kuwaza kwamba angepata mtu mwenye busara wa kumshawishi kuwa nyayo zile ni mawazo yake tu. Busara hiyo ingeweza kuwaua watoto. Hapa ndipo penye hofu ya riwaya unayoiandika, nami nakusihi usipaache: mama analazimika kuchukua hatua kwa ushahidi ambao hata yeye mwenyewe hauamini sawasawa, na akisubiri mpaka awe na hakika, huenda akawa amechelewa. Mtu mzima anayeishi peke yake katika nyumba yenye mzuka anaweza kusubiri, kuchunguza, hata kufanya ukaidi. Mama hana nafasi hiyo, kwa sababu anayecheza kamari akiwa na mtoto mchanga mikononi anaiweka rehani roho isiyo yake.

Sasa tuwaangalie waliotangulia, maana hakuna mwandishi anayeingia katika nyumba ya namna hii akiwa wa kwanza. Swali la wasomaji wako, upo au haupo, lina zaidi ya karne moja. Henry James alipochapisha The Turn of the Screw mwaka 1898, alimweka mlezi kijana katika nyumba ya mashambani pamoja na watoto wawili, na msomaji anawaona mizuka kwa macho ya mlezi huyo peke yake. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson alitoa hoja kwamba hakuna mzuka wowote katika hadithi hiyo, kwamba yote yanatoka katika akili ya mlezi, na tangu hapo wahakiki wamegawanyika makundi mawili yasiyopatana. Ubishi huo umeifanya hadithi idumu, sikatai. Lakini zingatia kwamba mhusika yule ni mlezi wa kuajiriwa. Angeweza kuandika barua ya kuacha kazi na kupanda gari la farasi siku ya pili yake. Wewe umemchagua mama, ambaye barua hiyo hana wa kumwandikia, na ukiiga shaka ile ile bila kutumia tofauti hii kubwa uliyojipatia, utakuwa umeazima koti lisilokutosha.

Toni Morrison alikwenda njia nyingine kabisa katika Beloved, riwaya ya mwaka 1987, ambayo mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Pulitzer. Kiini chake kilitokana na kisa cha kihistoria cha Margaret Garner, mwanamke aliyetoroka utumwani Kentucky mwaka 1856 na ambaye, alipozingirwa na waliomfuata, alimuua binti yake ili asirudishwe utumwani. Katika riwaya hiyo hakuna anayeuliza kama mzuka upo. Nyumba imejaa hasira ya mtoto mchanga aliyekufa tangu ukurasa wa kwanza, walio ndani wanalijua hilo, na majirani wanaipita mbio. Kinachotisha ni kwamba mama hataki kuufukuza. Anapopata nafasi ya kuulisha, kuulaza na kuueleza kisa chake, anafanya hivyo kwa moyo wote mpaka anakaribia kuisha yeye mwenyewe. Nakutajia riwaya hii ili uone kwamba hofu yako ya kuwa mzuka wa kweli huifanya hadithi iwe ya kawaida haina msingi. Hadithi huwa ya kawaida mzuka unapokuwa adui tu, kitu cha nje kinachogonga mlango ili kiingie kidhuru. Ukiufanya utake kitu ambacho mama tayari anakitoa, tena kwa mapenzi, hautakuwa wa kawaida hata kidogo.

Hapo ndipo nataka tukae kwa muda, kwa sababu katika rasimu yako mna lulu ambayo naona hujaichimbua. Umeandika kwamba mama anasikia kilio katika chumba cha juu, anashtuka, anapanda ngazi, anafungua mlango, na hamna kitu. Tukio hilo nimelisoma mara nyingi mno. Lakini wewe umenyonyesha, na unajua jambo ambalo waandishi wengi wa riwaya hizi hawakulijua au hawakuthubutu kuliandika: mwili wa mama anayenyonyesha huitikia kilio kabla akili haijaamua chochote. Homoni ya oksitosini hutoka, misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa hubana, na maziwa hushuka. Hutokea hata kwa kusikia mtoto wa mtu mwingine akilia. Basi liandike tukio upya hivi. Mama ameketi gizani, mtoto wake amekwisha kushiba na amelala begani pake, pumzi zake zinampiga shingoni. Juu, nyuma ya mlango uliofungwa, kilio kinaanza. Hashtuki, kwa kuwa kwa dakika nzima hajajua kwamba amekisikia. Anachokihisi kwanza ni ile michomo midogo kifuani, kisha unyevunyevu wa joto unaoenea katika gauni la kulalia. Anamtazama mtoto aliye begani. Amelala. Maziwa yanaendelea kutoka.

Umeona kilichotokea? Hakuna tena haja ya kumuuliza msomaji kama anaamini mizuka, kwa maana mwili umeshajibu. Mwanamke huyo amekwisha kuwa mama wa kile kilichomo chumbani, bila kuombwa ridhaa, kwa njia ile ile aliyokuwa mama wa mtoto wake. Na kuanzia hapo unaweza kusogeza hadithi kwa hatua ndogo ndogo zinazoogofya kuliko mlango wowote unaojifunga wenyewe: mtoto wake anaanza kulia njaa wakati ambapo maziwa yalipaswa kuwepo, uzito wake hauongezeki inavyotakiwa, nesi anaandika jambo katika kadi na kuuliza kwa upole kama mama anakula vizuri. Mama anajua maziwa yanakwenda wapi. Hawezi kumwambia nesi.

Kwa mkabala huu, mwili wa mama na nyumba vinakuwa kitu kimoja, na hilo halitoki katika ushairi mtupu. Wanasayansi wamethibitisha kwamba seli za mtoto huvuka kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mama, na nyingine hukaa humo miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulizikuta seli za mtoto wa kiume katika damu ya mwanamke miaka 27 baada ya kujifungua. Hata mimba iliyoharibika huweza kuacha seli zake. Kwa hiyo mwanamke aliyewahi kubeba mimba huenda anaishi na waliopita ndani yake, wawe wako hai au hawako. Sikushauri uweke hotuba ya kisayansi mdomoni mwa daktari wa riwaya yako, maana itapoa papo hapo. Nakutajia ili uandike kwa kujiamini, ukijua kwamba nyumba yenye mgeni asiyeondoka ni taswira ambayo umbile la uzazi lenyewe linaibeba.

Jambo la pili linalokosekana katika rasimu ni muda. Vituko vyako vyote vinatokea usiku wa manane na katikati yake unaruka siku nzima nzima. Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku moja, usiku na mchana, na mama hulala vipande vipande, saa moja hapa, saa mbili kule. Mtu aliyenyimwa usingizi kwa majuma mfululizo husinzia kwa sekunde chache akiwa macho wazi, husahau kama jambo amelifanya au ameliota, husikia sauti ndani ya maji yanayotiririka bombani. Karibu kila mama unayemjua amewahi kusikia mtoto akilia akiwa bafuni, akafunga maji, na kukuta kimya. Tumia hilo katika sura za mwanzo, kabla ya kitu chochote cha ajabu. Mwandike akimnyonyesha saa saba usiku, kisha saa tisa, kisha saa kumi na moja alfajiri, kwa maelezo yanayofanana karibu neno kwa neno, na kila mara badilisha kitu kimoja kidogo ambacho msomaji aliyechoka pamoja naye anaweza asikigundue: upande wa kitanda alioelekezwa mtoto, kitambaa kilichokunjwa ambacho hakukikunja, idadi ya vifungo vilivyofungwa. Msomaji akirudi nyuma kuhakikisha, tayari amekuwa mama huyo.

Niingie sasa katika suala la ugonjwa, ambalo umeliuliza kwa uchungu, nami nalichukulia kwa uzito wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito inayodumu. Hilo ni jambo la kawaida mno kiasi kwamba mwandishi hana ruhusa ya kulitumia kama kituko. Saikosisi ya baada ya kujifungua ni jambo jingine: huwapata mwanamke mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, mara nyingi huanza ghafla ndani ya majuma mawili ya mwanzo, na huja na kukosa usingizi hata mtoto anapolala, hisia zinazopanda na kushuka kwa kasi, kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Ni dharura ya kitabibu inayohitaji hospitali siku hiyo hiyo, na wengi wanaotibiwa hupona.

Katikati ya hayo mawili kuna jambo la tatu ambalo waandishi hulichanganya kila siku, nalo kwa riwaya yako ni la thamani kuliko yote. Kina mama wengi wenye akili timamu kabisa huvamiwa na mawazo wasiyoyataka: mama anashuka ngazi na ghafla anamwona mtoto akianguka, anapita karibu na dirisha na picha ya kumwachia inampitia kichwani. Mama wa namna hii anayachukia mawazo hayo, anayaogopa, anaanza kuzikwepa ngazi na kuficha visu, yaani anazidisha ulinzi. Aliye na saikosisi anaweza kuliona wazo lake kuwa ni ukweli au amri, na asilione la ajabu. Tofauti kati ya wawili hawa ni kubwa, na mtu wa nje haoni chochote kinachowatofautisha ikiwa wote wamekaa kimya. Nao hukaa kimya, kwa sababu kila mmoja anaogopa akisema atanyang'anywa mtoto. Ukimya huo uwe injini ya msuko wako wa matukio. Mhusika wako ana mambo mawili ya kuficha, kilio anachokisikia na picha zinazompitia, na hajui kama ni jambo moja au mawili. Kila anapolificha moja ili aonekane mzima, anajiondolea mtu mmoja ambaye angemsaidia.

Kwa sababu hiyo naupinga kabisa ule mwisho unaofichua kwamba "kumbe alikuwa mgonjwa tu". Kisanaa unaifuta riwaya nzima kwa mkono mmoja, kwa kuwa kila kilichomtisha msomaji kinageuka kuwa kosa la mtu mmoja. Kiubinadamu unamwambia mama aliye nyumbani, anayesoma kitabu chako huku mtoto akinyonya, kwamba yanayompitia kichwani ndiyo yanayowageuza watu kuwa wauaji. Ikiwa unataka mhusika wako awe anaumwa kweli, aumwe, tena msomaji alijue hilo mapema kuliko yeye, na bado nyumba iwe na hatari yake. Mtu anaweza kuwa mgonjwa na akawa anasema kweli. Kati ya yote niliyokuandikia, hili ndilo ningependa ulichukue hata ukiyaacha mengine.

Mume katika rasimu yako ni mkali, anapiga kelele, anafunga milango kwa nguvu. Mlainishe. Charlotte Perkins Gilman alijifungua binti mwaka 1885, akaanguka katika huzuni nzito, na daktari mashuhuri wa wakati huo, Silas Weir Mitchell, akamwandikia mapumziko ya kitandani na kumwamuru asiguse kalamu tena. Miaka michache baadaye akaandika The Yellow Wallpaper, hadithi fupi iliyochapishwa mwaka 1892, ambamo mwanamke aliyejifungua anawekwa katika chumba cha juu na mume wake ambaye ni daktari. Mume huyo hapigi wala hatukani. Anamwita kwa majina ya mapenzi, anambeba, anamsomea, na kila neno lake la upendo linaongeza tofali katika ukuta. Mume mkali humpa mama sababu ya kuondoka, na msomaji anashangaa kwa nini haondoki. Mume mpole, anayeamka kumbadilisha mtoto nepi na kumwambia mkewe "nenda ukalale, mpenzi, mimi nipo", anamfunga kwa shukrani. Na anapoanza kunong'ona na mama mkwe jikoni kuhusu afya ya mkewe, msomaji atakuwa amekwisha kumpenda, asijue amlaumu vipi.

Kuhusu nyumba yenyewe nitasema machache. Punguza. Una ghala la chini, dari inayotoa sauti, kisima, vioo viwili na picha ya ukutani. Bakiza chumba kimoja. Shirley Jackson, katika The Haunting of Hill House ya mwaka 1959, aliweka baridi kali mlangoni pa chumba cha watoto, mahali pamoja tu, na hakuna asomaye riwaya hiyo akausahau mlango huo. Chumba chako ni kile cha juu kinacholia. Kipe historia ndogo ambayo mama anaipata kwa mikono yake mwenyewe, kwa mfano alama za kipimo cha urefu wa mtoto zilizochongwa kwenye fremu ya mlango, zinazopanda kidogo kidogo hadi mahali fulani na kukomea hapo. Usieleze kwa nini zimekoma. Jirani mzee anayejua yote na kuyasimulia katika sura ya kumi na mbili mwondoe, anakuibia kazi.

Tukija katika chuki, nakuomba usiiogope. Mtaalamu wa magonjwa ya watoto na mchanganuzi wa nafsi wa Uingereza, Donald Winnicott, katika makala ya mwaka 1949 aliorodhesha sababu nyingi zinazomfanya mama amchukie mtoto wake mchanga, tangu mwanzo kabisa, na hoja yake ilikuwa kwamba mama wa kawaida, mwenye upendo, huweza kuzibeba hisia hizo bila kumlipizia mtoto. Katika rasimu yako mama anampenda mtoto wake kila dakika, na ndiyo maana mzuka hauna pa kumshikia. Mwandikie usiku mmoja ambapo mtoto analia kwa saa nne, na kule juu ni kimya, kimya kitamu, na mama anatamani, kwa pumzi moja tu, angekuwa na yule mwingine. Hapo nyumba itakuwa imepata inachokitaka, na wewe utakuwa umeandika jambo ambalo maelfu ya kina mama wamelihisi na hawajalisoma popote.

Sasa kifo cha mtoto. Si lazima, na mara nyingi ni udhaifu. Katika hadithi ya James niliyoitaja, mvulana anakufa mikononi mwa mlezi wake, na kifo hicho kinatikisa kwa sababu huenda kumbatio lililokusudiwa kumwokoa ndilo lililomuua. Bila uhusiano wa namna hiyo kati ya ulinzi na madhara, kifo cha mtoto mchanga katika riwaya ni nyundo tu. Msomaji analia, anafunga kitabu, na hakuna anachobaki nacho cha kufikiri. Kwa riwaya yako naona mwisho mkali zaidi ni ule ambao mtoto anapona. Mama anamchukua usiku, bila viatu, anatoka naye nje ya nyumba na hakubali kurudi. Rangi ya mtoto inarejea, uzito unaongezeka. Lakini kitendo kile kile kilichomwokoa ndicho ushahidi ambao mume, mama mkwe na daktari walikuwa wakiusubiri, nao kwa nia njema wanaamua kwamba mtoto asikae tena naye peke yake. Anayemrudisha mtoto katika nyumba ile, kwenye kitanda chake kilichotandikwa vizuri, ni mtu anayempenda. Unaweza kukomea hapo au kabla kidogo, mradi msomaji afahamu kwamba mama alikuwa sahihi na kwamba usahihi wake haukumpa mamlaka yoyote.

Ukimaliza rasimu ya pili, usiwape wapenzi wa hadithi za kutisha peke yao. Mpe mkunga mmoja, na mama mmoja aliyewahi kuugua baada ya kujifungua na ambaye sasa ana nguvu za kuisoma, ukimweleza mapema kilichomo ili aamue mwenyewe. Usiwaulize kama wameogopa. Waulize ni katika ukurasa gani walitaka mwanamke huyo ampigie mtu simu, na mtu huyo ni nani. Ikiwa mtu huyo hayumo katika riwaya, mwongeze. Ikiwa yumo, andika tukio ambalo mama anampigia, na sababu ya simu hiyo kutomsaidia iwe ya kuaminika kiasi kwamba mkunga wako mwenyewe akubali kuwa aliwahi kuiona.